Nguzo Yao, Bendera Yetu

Machi 18

Leo nimekabidhiwa bendera. Vitambaa vitatu, kijani, manjano na chekundu, pamoja na bomba refu la chuma lililosimikwa nyuma ya kanisa. Chifu alinipiga picha nimevishika, na Tsuma, mdogo wake mume wangu, akanicheka eti shemeji sasa ni serikali. Nikamwambia serikali haimpikii mtu ugali, ajitafutie.

Niandike sheria ya kazi hii nikiwa bado naikumbuka, maana haikutungwa na ofisi ya kaunti. Ilitungwa na wazee wa pande mbili za mto. Mwaka juzi ofisi ilileta nguzo ya kupimia maji, imepakwa rangi zile zile tatu, ikauliza isimikwe wapi. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wafugaji wakasema nguzo ikikaa kwa wakulima, tutatangaza mafuriko kila wiki ili ng'ombe wao wafukuzwe bondeni. Sisi tukasema ikikaa kwa wafugaji, watatangaza mafuriko ili tukimbie, nao waingize ng'ombe kwenye mahindi yetu. Walibishana hadi chai ikaisha. Mwisho wakagawana. Nguzo ikae ng'ambo, kwenye malka, pale ng'ombe wanaposhukia mtoni kunywa maji, na isomwe na mtu wao. Bendera ikae kwetu, na ipandishwe na mtu wetu. Msomaji anapiga simu, mpandishaji anapandisha. Bendera nyekundu isipopanda, hakuna anayehama na ofisi haileti lori wala mashua.

Msomaji wao wa mwaka huu ni Nuria, mke wa Mukhtar mwenye ng'ombe. Amenipa mkono bila kunitazama usoni. Mimi nilimtazama vizuri.

Machi 19

Nuria kapiga asubuhi. Kijani. Nimepandisha kijani.

Machi 24

Mama mkwe wangu, Mama Jumwa, ameniuliza kama nami nitambeba mpaka shuleni kama walivyombeba mwaka jana. Nyonga yake ilivunjika na haikuunga vizuri, hatembei. Mwaka jana mtu mwingine alishika bendera, ikapanda nyekundu, tukambeba juu ya kitanda kuvuka bonde la mto wa zamani hadi kwenye mwinuko wa shule. Tukalala kwenye sakafu ya darasa wiki mbili. Maji hayakufika hata kwenye mlango wa nyumba yetu. Yeye akatoka na vidonda mgongoni na kikohozi ambacho hadi leo kinamsumbua. Na tuliporudi, mahindi yalikuwa yameliwa mpaka mashina, na kinyesi cha ng'ombe kimejaa kote.

"Mimi sibebwi tena kama gunia," amesema. "Mkinibeba, maji yawe ni maji kweli."

Nimemwahidi. Menza, mume wangu, yuko Malindi kwenye kazi ya ujenzi. Mama ni wangu wa kulisha na wangu wa kulinda, na chakula chake ni hayo mahindi. Nikikosea upande mmoja atazama, nikikosea upande wa pili ataumwa tena na kufa njaa. Sipendi kazi hii.

Machi 30

Nuria anasema maji yamepanda kidogo lakini bado kijani. Nimeshuka mtoni kuhakikisha. Kutoka upande wetu nguzo inaonekana, ila namba hazisomeki, ukikaza macho unaona tu ng'ombe wakijikuna kwayo. Yaani nimeambiwa niamini kitu ambacho siwezi kukiona.

Basi nami nimejiwekea changu. Nimechukua fimbo ya mkoko, nikaichonga alama kwa kisu, nikaipigilia kwenye mdomo wa mfereji wangu wa shamba, chini kidogo ya malka, maji yanakoelekea. Sikumwambia mtu. Kila asubuhi nitaangalia fimbo yangu kwanza, ndipo nipokee simu ya Nuria. Tutaona kama tunasema lugha moja.

Aprili 2

Kijani. Fimbo pia inasema hivyo.

Aprili 6

Sadik wa ofisi ya maafa amekuja kutoka Hola. Kijana mpole, ana jaketi lenye mifuko mingi. Ametueleza kwamba mvua ya hapa Garsen si hoja, hoja ni mvua ya milimani huko juu. Maji yakianza safari huko, hutufikia siku kadhaa baadaye jua likiwaka. Ametuomba pia tusitoboe tuta la mto kwa ajili ya mashamba. Watu wote wakaitikia vizuri sana, wakakunja mikono.

Baada ya hapo alivuka ng'ambo. Nikaona kwa macho yangu amekaa kwenye mkeka wa Mukhtar anakunywa maziwa, anacheka. Kwetu alikunywa maji tu, na aliyanywa amesimama. Labda si kitu. Nimekiandika hata hivyo.

Aprili 9

Mpunga wa Tsuma umependeza ajabu. Amelima kwenye bonde la mto wa zamani, nyuma ya kijiji, mahali ambapo mwezi uliopita palikuwa pamekauka hadi pakapasuka. Sasa maji yanafika kifundo cha mguu. Nimemuuliza ana dawa gani. Akacheka, akasema Mungu hamtupi mwenye mikono ya sugu. Jembe lake, aliloliegemeza ukutani kwangu, lilikuwa limejaa tope jekundu la mtoni. Amemletea Mama samaki wawili. Ana moyo mzuri, Tsuma.

Aprili 14

Nuria: "Janet, maji imepanda, imefika manjano. Weka manjano."

Fimbo yangu nayo imepanda alama mbili. Nimepandisha manjano. Mama ameiona kutoka mlangoni akageuza uso.

Aprili 17

Bado manjano. Mvua hakuna, mbingu kavu kabisa.

Ila leo nimeona jambo. Ng'ombe wa Mukhtar na wa ndugu zake wote wamekusanywa karibu na malka. Sijapata kuona wengi hivyo mahali pamoja. Kama maji yanapanda kweli, mtu mwenye akili anakusanya mali yake ukingoni kwa nini? Nimemwita Tsuma aje aone.

"Shemeji, hawa wanangoja," akasema. "Ukipandisha nyekundu asubuhi, jioni wako shambani mwako. Mwaka jana ilikuwa hivi hivi."

Mahindi yangu yamebeba, yamebakiza wiki mbili tu, tatu yakichelewa.

Aprili 19

Leo tumegombana.

Asubuhi nilikwenda kwenye fimbo. Maji yameshuka. Niliipangusa tope, nikaangalia tena. Yameshuka, alama nzima iko wazi. Nikarudi nyumbani nina furaha. Simu ikalia.

"Janet, maji inapanda sana. Nyekundu bado kidogo. Ambia watu wafunge vitu."

"Inapanda wapi, Nuria?"

"Hapa. Kwa nguzo."

"Huku kwetu yanashuka."

Nikasikia ng'ombe nyuma yake, wengi, na wanaume wanaita.

"Nani amekuambia inashuka?" akauliza.

"Macho yangu."

"Macho yako iko ng'ambo. Mimi niko kwa nguzo. Kwani mimi nadanganya?"

Nilitaka kusema ndiyo, na nadhani alilisikia hilo, kwa sababu alikata simu. Mto ni mmoja, hauwezi kupanda ng'ambo na kushuka huku. Mmoja wetu anasema uongo, na mimi najijua.

Aprili 20

Asubuhi malka iko tupu. Ng'ombe wote wameondoka, hata ndama hakuna. Tsuma amesema wamewaficha vichakani nyuma ya Minjila, wanasubiri tuhame. Nami nimeona hivyo hivyo.

Fimbo imeshuka tena.

Nuria kapiga. "Nyekundu. Janet, weka nyekundu sasa hivi."

Nikamwambia nitaangalia. Akapiga tena, sauti imepanda. "Wewe unaangalia nini? Nimesema nyekundu! Hamisha mzee wako!"

Hilo la kumtaja Mama ndilo lililonikera. Anajua nina mgonjwa, anataka kunitisha kwa huyo mgonjwa. Nikamwambia mwaka jana tuliwaamini, na mama yangu mpaka leo anakohoa.

"Mwaka jana si mimi," akasema.

Kisha Sadik akapiga. Nuria alikuwa amemwambia, na yeye alitaka kusikia kutoka kwangu, kama sheria inavyotaka. Nikamweleza habari ya fimbo yangu.

"Dada Janet, fimbo yako iko sehemu gani?"

"Kwenye mfereji wangu."

"Pandisha nyekundu. Mkihama bure, nilaumiwe mimi."

"Ukilaumiwa wewe, mama mkwe wangu atapona vidonda?"

Akasema kesho asubuhi atafika na mashua na aangalie mwenyewe, ila ananisihi tena nipandishe leo. Nikamwambia kesho si mbali. Nimeacha manjano.

Nuria ameendelea kupiga. Nimechoka na sauti ile. Nimezima simu.

Mama amekula vizuri leo. Ameniambia nimekuwa mtu mzima.

Aprili 25

Naandika nikiwa shuleni, kwenye daftari nililopewa na mwalimu. Lile la kwanza lilikuwa kwenye mfuko wa plastiki darini, limepona. Mwenye nyumba hakupona.

Asubuhi ya tarehe ishirini na moja nilikwenda kuangalia fimbo kabla ya jambo lolote. Maji yalikuwa chini kuliko siku zote. Nilicheka peke yangu. Niliwaza nitakavyomwambia Nuria, maneno gani nitaanza nayo. Nikiwa bado pale nikasikia Mama anaita jina langu, si kwa sauti ya mtu anayetaka chai.

Maji hayakutoka mbele. Yalitoka nyuma. Yalikuja kupitia bonde la mto wa zamani, kwenye mpunga wa Tsuma, yakapita kati ya nyumba zetu na shule, na yalikuwa yameshapita muda mrefu wakati mimi nimesimama nimegeuzia kijiji mgongo. Nilipofika nyumbani yalikuwa yanaingia jikoni. Watu wanapiga kelele kila mahali. Nilikimbilia kanisani nikapandisha nyekundu. Sijui nilimpandishia nani. Kila aliyeiona alikuwa tayari ndani ya maji.

Tsuma alikuja, na majirani wawili. Tulimlaza Mama kwenye kitanda kama mwaka jana, tukakiinua mabegani. Kwenda shule ni lazima uvuke lile bonde. Maji yalikuwa kifuani, yanasukuma. Mama alikuwa ameshika mbao za pembeni. Aliniambia neno moja tu, "Polepole." Katikati ya bonde jirani wa mbele alikanyaga mahali pasipo na chini. Kitanda kikainama upande wake. Nilimshika Mama nguo. Nilibaki na leso mkononi.

Mashua ya Sadik ilifika baadaye kidogo, kama alivyosema. Iliokoa watu wengi. Watu wa mashua ndio waliompata Mama jioni, kwenye ua wa miiba wa shamba la mtu.

Nilipowasha simu, jina la Nuria lilijaza kioo.

Aprili 27

Tumemzika hapa kwenye mwinuko, nyuma ya darasa la nne. Mji wake, pale nyumbani alipoolewa, uko chini ya maji, na mtu wa kwetu huzikwa mjini kwake, kando ya wenziwe. Menza amefika kwa kuzungukia mbali. Amelia sana. Hajaniuliza lolote kuhusu bendera, na kila saa namngoja aniulize.

Aprili 30

Maneno yameanza. Kwenye foleni ya maji nasikia kwamba wafugaji ndio waliotoboa tuta ili watuzamishe. Nasikia Nuria alijua akanyamaza, ndiyo maana ng'ombe wao walitolewa mapema na hakuna hata mmoja aliyekufa. Mtu mmoja anasema, wa pili anaongeza chumvi, wa tatu anaapa kwamba aliona.

Tsuma ndiye anayesema kwa sauti kubwa kuliko wote. Vijana wanakaa naye nyuma ya jiko la shule wakinoa mapanga, eti ni ya kukatia kuni. Kuni gani hizo zenye kuhitaji mapanga mengi hivyo? Maji yakipungua wanataka kuvuka.

Mimi najua Nuria hakunyamaza. Najua peke yangu, na Sadik. Nimekaa na jambo hili tumboni siku nzima. Nikisema, mume wangu atajua nani alimuua mama yake. Nisiposema, watu watauawa kwa kosa langu, na ndugu zao watakuja kulipiza, na haitakwisha. Nimewahi kuona hapa Delta jinsi mambo haya yanavyokwenda. Wote tumewahi.

Tena nimekumbuka lile tope jekundu kwenye jembe. Mwezi mzima nimechungulia ng'ambo, nimehesabu nani anakunywa maziwa ya nani, na jembe la shemeji yangu lilikuwa limeegemea ukuta wangu.

Mei 2

Baraza limefanyika uwanjani hapa shule. Chifu, wazee wa kwetu, wazee wa ng'ambo waliovuka kwa mashua, na askari wawili. Wafugaji walikaa upande mmoja, sisi upande wa pili, katikati pakabaki nafasi ambayo hata mbuzi alikuwa anaogopa kupita.

Sadik aliongea kwanza. Alisema wamezunguka na mashua wakaangalia. Tuta limetobolewa upande wetu wa mto, kati ya malka na kijiji, kwa jembe. Ulikuwa mfereji mdogo wa kupeleka maji kwenye mpunga. Mto ulipojaa ukaupanua, ukakuta njia yake ya zamani, ukapita. Ndiyo maana juu ya lile tundu, kwenye nguzo, maji yalikuwa yanapanda, na chini yake, kwenye fimbo yangu, yalikuwa yanashuka. Aliposema hivyo alinitazama kwa huruma, na huruma hiyo ilinichoma kuliko matusi.

Tsuma akasimama. "Sisi hatujui mambo ya tundu," akasema. "Tunajua kulikuwa na mtu wa kusoma nguzo. Alinyamaza. Ng'ombe wao wako hai, mama yangu amekufa, kwa sababu yule mwanamke alinyamaza!"

Vijana wakanguruma. Wa ng'ambo nao wakasimama. Mukhtar alimshika mkewe bega, lakini Nuria aliuondoa mkono wake, akainuka.

"Mimi nimeita," akasema. "Nimeita mpaka simu imekufa. Ng'ombe tumetoa kwa sababu hiyo nguzo. Janet iko hapa. Uliza yeye."

Wote wakanigeukia. Menza alikuwa pembeni yangu, bega lake limegusana na langu. Nilisimama.

Nikasema: "Nuria aliniita. Alisema nyekundu, akarudia, akarudia. Afisa naye aliniambia. Mimi sikuwaamini. Nilizima simu. Anayetafutwa hapa ni mimi, msivuke mto."

Mtu mmoja nyuma akasema, mwongo huyo, amepewa kitu. Nikageuka.

"Nimepewa nini? Nimezika mama wa mume wangu nyuma ya darasa la nne! Na tuta lilitobolewa na mkono wa huku kwetu. Aliyetoboa anajijua."

Sikumtaja. Sikuhitaji. Tsuma alikuwa bado amesimama, na watu walianza kumtazama mmoja mmoja, kwa maana wote tuliuona mpunga wake ulivyokuwa. Akakaa chini palepale kwenye vumbi, akajifunika uso kwa shati. Nilimwonea uchungu. Naye alitaka mpunga tu.

Menza aliondoa bega lake.

Wazee wakaanza kusema bendera apewe mtu mwingine. Wa kwetu walikubali haraka, wa ng'ambo pia. Nilikuwa nimeshakubali moyoni, nilitaka hata kushukuru. Nuria ndiye aliyekataa.

"Hapana," akasema. "Mwingine mimi sijui. Huyu najua kitu anaweza kufanya. Wacha yeye."

Aliyatamka hayo akiwatazama wazee, nao wakakubali. Mimi hakunitazama.

Mei 6

Vijana wametawanyika. Mapanga sasa yanakata kuni kweli. Tsuma ameondoka bila kuaga, wanasema yuko Golbanti kwa rafiki yake.

Mei 9

Menza amerudi Malindi. Kabla ya kuondoka aliniambia, "Ungeniuliza mimi kwa simu, ningekwambia pandisha." Ni kweli, sikumuuliza.

Mei 15

Tumerudi kijijini. Matope hadi dirishani. Mahindi yote yameoza yakiwa yamesimama. Hakuna ng'ombe aliyeyagusa.

Mei 19

Mto umepanda tena kidogo. Nuria kapiga asubuhi. Hatusalimiani.

"Manjano," akasema.

"Nimesikia, manjano."

Zamani angekata simu hapo. Sasa hakati. Nilimsikia anapumua, ananisubiri. Nikaenda kanisani na simu sikioni, nikashusha kijani, nikafunga manjano, nikaanza kuvuta kamba. Ng'ambo, juu ya ukingo wa malka, niliona mtu amesimama amevaa buibui jeusi, mkono juu ya macho kuzuia jua. Hakuondoka mpaka kitambaa kilipofika juu kabisa. Ndipo simu ikakatika, naye akageuka kwenda zake.

Hufanya hivyo kila siku, asubuhi na jioni, hata kukiwa kijani. Inaniuma, lakini simwambii. Kama ningekuwa mimi ng'ambo ile, ningesimama vile vile.